Rakhil, Mchuuzi wa Maneno

Harufu ya mtarakwa mbichi uliopasuliwa iliingia katika kila kitu kule Elburgon: kwenye blanketi, kwenye ugali, hata kwenye nywele za baba aliporudi kutoka kiwanda cha mbao. Tulikuwa tumetoka Maragoli, magharibi mwa Kenya, tukapewa chumba kimoja katika kambi ya wafanyakazi, chini ya msitu wa Mau. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ikiwasaka Mau Mau. Lori la askari likinguruma mlimani, wanawake waliacha kufua wakasikiliza litasimama kwa nani. Jirani zetu Wakikuyu ndio waliohangaika zaidi, kwa kuwa yeyote kati yao angeweza kuchukuliwa kwa kushukiwa tu kwamba analisha wapiganaji wa msituni.

Nilikuwa na miaka tisa, na kila jioni nilizunguka kambi nikiuza mayai ya kuku wa mama. Nyumba niliyoipenda ni ya Mama Rasoa, mke wa nyapara. Aliniketisha kwenye kiti, akanipa chai ya sukari nyingi, kisha akauliza, "Haya, huko chini kuna nini?" Nyumbani tulikuwa watoto saba na hakuna aliyenisikiliza. Kwake nilikuwa mtu. Nilimweleza nani amegombana na mumewe, nani amepata mgeni. Siku moja sikuwa na jipya, nikaogopa ataniambia niende zangu. Nikasema, "Mama Wangari anapika sufuria kubwa sana ya githeri, mahindi na maharagwe, na wako wawili tu."

Ilikuwa kweli. Mama Wangari alikuwa Mkikuyu, mjane, bintiye Wangari alikuwa rafiki yangu, na sufuria hiyo nilikuwa nimetoka kuiona. Mama Rasoa aliacha kumimina chai. "Kubwa namna gani?" Nikapanua mikono. Nadhani niliipanua kupita sufuria yenyewe.

Siku ya tatu, asubuhi, askari walikuja. Waliimwaga ile githeri mlangoni na kuikanyaga. "Ni ya siku tatu, afande!" Mama Wangari alilia. "Nashinda kiwandani nikibandua magome ya miti, napika mara moja tu!" Hawakumsikiliza. Kabla hajapandishwa kwenye lori pamoja na mtoto wake aliniona kati ya watu. Akaomba ruhusa, akaingia ndani, akatoka na mayai mawili niliyokuwa nimemuuzia. "Mrudishie mama yako," alisema. "Yataharibika bure."

Kesho yake nikamwambia mama yote, nikangoja kuchapwa. Hakunichapa. Alifunga kitambaa kichwani, akanishika mkono, tukaenda mbio hadi kituo cha polisi, mama yuleyule aliyemwogopa hata karani wa kiwanda. "Huyu mtoto ndiye alisema," alimwambia afisa. "Lakini hiyo chakula ilikuwa ya siku tatu. Mimi ni jirani, najua." Afisa alimwuliza kwa nini anawatetea watu hao, kisha akaandika jina la baba. Kwa wiki nyingi kila lori lilipopanda mlima, mama alisimama mlangoni. Halikusimama kwetu. Wala Mama Wangari hakurudi.

Jumapili moja mama alinipeleka kwa mwalimu wetu wa dini, kijana mwembamba aliyesoma chuo cha misheni na kujivunia Kiebrania chake kidogo. Alitusomea katika Torati ile sheria inayomkataza mtu kuzunguka na maneno kati ya watu wake. "Neno lenyewe ni *rakhil*," alisema, akilikwaruza kooni. "Liko karibu na neno la mchuuzi, yule anayetembeza vitu nyumba kwa nyumba. Anachukua hapa, anauza pale."

"Lakini nilisema kweli, Mwalimu."

"Sheria hapa haijauliza kama ni kweli," alijibu taratibu. "Imeuliza kwa nini ulikuwa unatembeza."

Mama alianza kulia. Tangu siku hiyo sikuuza mayai tena.

Miaka mingi baadaye, tukiwa wote na mvi, nilikutana na Wangari sokoni Nakuru. Nilimweleza yote. "Tulijua," alisema. "Wewe ndiye ulikuwa unaingia kwa nyapara. Mama alifungwa kizuizini miaka miwili, mimi nikalelewa na nyanya. Yeye alikusamehe. Mimi bado." Akaendelea kuchagua viazi.

Siku zile neno lilihitaji miguu ya mtoto na jioni nzima ili livuke kambi. Sasa linavuka Nakuru yote kabla chai haijapoa. Juzi, katika kikundi cha simu cha akina mama wa kanisa letu, mtu alileta habari za jirani yangu na mumewe. Huenda ni kweli. Sikumtumia mtu yeyote. Lakini niliisoma hadi mwisho, nikairudia, na moyo wangu ukaniambia nani angependa kuisikia.