Siku ya Mtihani, Ndani ya Handaki

Baba yangu alikuwa kibarua wa njia ya reli pale Kintinku. Vita vya Uganda vilipoanza alikuwa mgambo, wakamchukua. Aliporudi mimi nilikuwa darasa la nne. Tulikwenda kumpokea stesheni pamoja na majirani waliobeba ngoma, lakini yeye alishukia upande wa pili wa treni, akazungukia mashambani. Tulimkuta nyumbani, amekaa jikoni. Mama akapiga magoti kumsalimia. Baba akauliza, "Nani ameniona nikiingia?"

Miezi yote tuliyomsubiri, sisi watoto tulikuwa tukicheza vita. Bunduki zetu zilikuwa mabua ya mtama. Hakuna aliyekubali kuwa adui, kwa hiyo adui alikuwa mbuzi. Wiki ileile aliyorudi, baba alitukuta tumemzingira mbuzi uani. Hakutugombeza. Aliyakusanya mabua, akayavunja moja moja, akayatia motoni. Watoto wa jirani hawakuja tena kucheza kwetu.

Kisha akachimba handaki nyuma ya jiko. Lilikuwa na kina cha kunizidi mimi, likafunikwa kwa mabati na udongo juu yake. Akatufundisha: akipuliza filimbi, mama, mimi na mdogo wangu wa kike tushuke, tukumbatie magoti, tusikohoe. Siku nyingine filimbi ililia kwa sababu ya lori. Siku nyingine ni watu wa harusi tu walikuwa wanapita wakiimba. Majirani waliisikia. Mama mmoja aliyezoea kuja kuomba moto akaanza kuomba nyumba nyingine. Hakuna aliyetuuliza kitu. Nyumba nyingi zilikuwa na mtu aliyekwenda vitani, na baadhi hazikumpata tena. Watu walishajifunza kutochungulia kwa mwenzao.

Nilipofika darasa la saba, mwalimu mkuu alimwambia mama kwamba mimi nitafaulu. Alisema hivyo mbele ya watu, na mama alilirudia neno hilo wiki nzima. Sabuni ilikuwa adimu miaka hiyo, akanifulia sare kwa maji ya majivu. Asubuhi ya mtihani nilikuwa nimeshavaa, nina penseli mbili, nakunywa uji, ndipo tukasikia ndege. Ilikuwa ile ndege ndogo ya madaktari. Kila mtu Kintinku aliijua.

Filimbi ikalia.

"Baba, nina mtihani," nilisema.

"Shuka."

"Baba, ni leo."

Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka mimi ni nani. Mama akanishika mkono, tukashuka. Bati likavutwa. Tulimsikia anatembea juu yetu, anasimama, anatembea tena. Nikaanza kulia, mama akaniziba mdomo kwa kiganja, akaniambia kwa Kigogo nitulie, kwamba atatufungulia sasa hivi.

Kengele ya shule yetu ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Niliisikia kule chini, wala haikuwa mbali. Iligongwa, ikanyamaza, na mimi nikajua wenzangu wanaingia darasani. Mdogo wangu alikuwa amelala mapajani mwa mama. Vumbi lilidondoka kutoka kwenye matundu ya misumari kila baba alipopiga hatua.

Sijui ulipita muda gani, nikasikia hodi. Alikuwa mwalimu mkuu. Alikuwa ameacha watahiniwa na msimamizi, akaja mwenyewe kunitafuta.

"Mtoto yuko wapi? Wanaanza."

"Hakuna mtu hapa," baba akajibu.

Daftari zangu zilikuwa mlangoni, lazima mwalimu aliziona. Wakati ule mama alikuwa ameshaondoa kiganja mdomoni mwangu. Sijui kama alichoka, au alinipa nafasi. Ningeweza kupiga kelele. Mdomo wangu ulikuwa wazi, na sauti haikutoka. Nilifanya nilivyofundishwa. Mwalimu akasema, "Haya," nikasikia viatu vyake vinaondoka.

Tulitoka jua limeshapita utosini. Baba alitupa maji, akasema kwa upole, "Wameondoka."

Mtihani haukurudiwa. Mwalimu alipokutana nami aliitikia shikamoo yangu akiangalia chini, na nadhani alikuwa akitaka nimsamehe. Mama hakulitaja jambo hilo hata mara moja. Niliolewa hapohapo Kintinku, nikalima mpunga na uwele, nikazaa. Wanangu niliwalea vizuri, ila sikujua kwamba nimewalea kwa minong'ono. Binti yangu aliyeolewa Singida mjini anasema wakwe zake walidhani ana maringo, maana akiwasalimia hawamsikii. "Mama, kwetu hakuna anayepaza sauti," aliniambia juzi kwenye simu. "Kwa nini?" Nikamjibu kwamba mtandao unakatika.

Baba aliishi hadi uzeeni. Handaki lilijaa maji mwaka mmoja wa mvua nyingi, kuta zikaporomoka, naye hakuchimba lingine. Alitulia kiasi. Siku moja nilimpelekea maziwa, tukakaa kivulini mwa nyumba, wajukuu wakiwa wanatoka shule. Aliwatazama muda mrefu.

"Na wewe," akauliza, "mbona hukuendelea? Si walisema una akili?"

Nilimwangalia. Hakuwa akinitega. Hakukumbuka. Mama alikuwa mlangoni anapepeta mtama. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Siku ya mtihani niliumwa, baba."

"Uliumwa nini?"

"Homa."

Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Pole sana, mwanangu," akasema. "Ningekuwepo ningekubeba mgongoni mpaka shule."

"Najua, baba," nikasema.

Mama akaendelea kupepeta.