Tulivyojifunza Kushangilia Kimya

Amri ilitolewa na mwenye video mwenyewe, kibanda tulikokuwa tukitazamia mpira, katikati ya Januari, akiwa amesimama mbele ya televisheni na rimoti mkononi. Bao likiingia, hakuna kupiga kelele. Atakayepiga kelele atatoka na hatarudi.

Hakuna aliyebisha. Wiki iliyotangulia timu yetu ilikuwa imefunga mapema, tukalipuka kama kawaida, na kabla hatujaketi tukasikia milango ikibamizwa kichochoro kizima. Wanawake walikimbia na watoto migongoni. Kisha wakaja vijana wenye mapanga, wakachungulia ndani wakihema, wakauliza, "Wako wapi?" Hatukujua walikuwa wanamtafuta nani. Mwenye video aliwaonyesha televisheni. Mmoja wao alitazama kidogo, akauliza ni ngapi ngapi, wakaondoka.

Hapo ni Soweto West, Kibera, baada ya uchaguzi ule wa Desemba 2007. Siku hizo sauti ya watu wengi kwa pamoja ilikuwa na maana moja tu: kuna watu wanavamiwa.

Basi tukajifunza. Tulikuwa watu wazima, wengi tumetoka Magharibi, waashi na wachuuzi, na tulifanya mazoezi kwa mabao ya marudio. Tuliinua mikono. Tulikumbatiana midomo imefungwa. Fundi viatu mmoja kutoka Kitui alikuwa akivua kofia na kuiuma, macho yamemtoka, na sisi tukimtazama tunacheka bila sauti mpaka mbavu zinauma. Niliona tumekuwa werevu kuliko wakati wenyewe.

Nyuma ya ile video, ukuta kwa ukuta, aliishi mama mmoja mpika chapati. Kwao ni Murang'a, na kati ya watu wa kwao, ambao ndio waliokuwa wakisakwa kwetu, yeye ndiye aliyebaki peke yake kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Goti lake moja lilikuwa bovu. Alikuwa ameacha kupika nje kwa sababu moshi wa jiko ulimtangaza, akawa anapikia ndani kwa stovu, na wateja tukabaki wachache tunaojua namna ya kubisha mlango. Dada yake aliyekuwa Kawangware alimpigia simu kila siku akimwambia aende huko, kwa watu wa kwao. Sisi tulimwambia abaki. Hasa mimi, ambaye kazi yangu ya kupaka rangi huko Ayany ilikuwa imesimama, na nilikuwa na muda wa kukaa mlangoni pake.

"Mathe, usiende," nilimwambia asubuhi ya mechi. "Njiani ndiko kubaya. Hapa tuko."

"Na hizo kelele zenu za mpira? Moyo wangu utapasuka siku moja."

"Tumeacha. Hata tukifunga matano hutasikia kitu. Ukisikia kelele, jua si sisi."

Alicheka. "Haya, kijana wangu. Nimesikia."

Mechi ilianza saa kumi kasorobo, jua bado kali. Tulifunga kipindi cha kwanza, na tukashangilia kwa namna yetu. Kofia iliumwa. Mtu alinikumbatia kutoka nyuma karibu aniangushe, na chumba kizima hakikutoa sauti ila ya mtangazaji. Nilifikiria jinsi mama anavyokanda unga upande wa pili bila kujua tunaongoza.

Wale wengine hawakuwa na lolote. Walikuwa timu ya mkiani, ambao tulikuja kuwahesabia mabao. Tulikosa la pili, tukakosa la tatu, na dakika za nyongeza zilipoanza wengine walikuwa wameshasimama kukung'uta suruali. Ikapigwa kona. Kipa wetu akatoka, akaukosa mpira, na beki wao mmoja mrefu akaugusa kwa kichwa tu, kama mtu anayeitikia salamu. Ukaingia.

Tulikuwa tumejifunza kufurahi kimya. Hakuna aliyekuwa amefikiria kutufundisha kuumia kimya.

Sauti iliyotutoka haikuwa neno. Ilianzia chini, ikapanda, watu hamsini kwa pamoja, mguno mrefu kama wa mnyama anayechinjwa. Nami niligeuka nikaupiga ukuta wa mabati kwa ngumi, mara mbili, nikipaza sauti, "Haiwezekani! Haiwezekani!"

"Nyamazeni!" mwenye video alisema, na tukanyamaza. Kisha watu wakaanza kulaumiana kwa kunong'ona.

"Huyo kipa aende Silanga akauze mboga."

"Mboga zenyewe zitamponyoka, buda."

"Afadhali tungefungwa, nijue moja."

"Wewe nyamaza. Si wewe ulisema mechi imekwisha, ukaanza kutafuta viatu?"

Tulikaa hapo labda robo saa, tukibishana kama kona ilikuwa halali. Robo saa hiyo nimeirudia akilini mara nyingi kuliko mechi yenyewe. Nilipozunguka kwenda kununua chapati, mlango ulikuwa wazi. Stovu ilikuwa ikiwaka. Chapati moja ilikuwa imeungua kwenye kikaango, na madonge ya unga yalikuwa yamepangwa kwenye sinia, hayajafunikwa.

Nilizima stovu. Mwanamke aliyekuwa akichota maji alinionyesha njia kwa kidevu: ameteremka kuelekea bwawani, bila viatu. Nilikimbia mpaka Silanga, kando ya bwawa. Wauza makaa walisema mama mmoja alikuwa amejificha nyuma ya magunia, kisha akaondoka. Walimwuliza kuna nini huko juu. Alisema wamefika.

Nilifunga mlango wake kwa kufuli yangu. Siku ya tatu ilivunjwa. Familia ya watu wa Magharibi ilikuwa imefika kutoka Kawangware, baba, mama na watoto wanne, wamefukuzwa huko kama vile yeye angefukuzwa kwetu. Nilimwambia yule baba nyumba ina mwenyewe.

"Hata yangu ilikuwa na mwenyewe," alinijibu. "Unataka hawa walale wapi, ndugu yangu?"

Nilimsaidia kuingiza godoro.

Tangu hapo sijakaa mahali pamoja zaidi ya miaka miwili. Athi River, Kitale, Mtwapa, kisha Nairobi tena. Kila ninakofika natafuta pa kutazamia mpira, na timu yangu ikisawazishiwa natoka nje kabla watu hawajapumua. Ile sauti naisikia hata nikiwa nje. Kuna wakati naisikia na hakuna mechi.

Mama nilimpata mwaka uleule wa fujo, wakubwa wa siasa walipokwisha kupatana na barabara kufunguka. Ilinichukua Jumapili tatu kuuliza kwa wapika chapati wa Kawangware. Alikuwa ameketi kwenye mlango wa dada yake, anapikia nje, moshi wazi. Alikuwa amekonda. Alinitazama bila kushtuka.

"Mathe," nilisema, "siku ile ilikuwa mpira. Hakuna mtu aliyekuja. Walisawazisha mwishoni tukashindwa kujizuia. Aliyegonga ukuta ni mimi."

Aligeuza chapati. "Najua ni wewe. Nilisikia sauti yako."

Sikuelewa. Akaendelea polepole, kama anayemweleza mtoto.

"Uliniambia nikisikia kelele, si nyinyi. Halafu nikasikia kelele, na wewe uko ndani yake. Nikasema, basi wamekuja, na huyu kijana wangu yuko nao."

"Hapana, mathe. Ilikuwa sare. Moja moja."

"Watu wanalia vile kwa sababu ya moja moja?"

Niliona kwamba anauliza kweli, kwamba jibu langu lilikuwa na uzito kwake. Nikaanza kumweleza kila kitu: timu ile ilivyokuwa ya mkiani, mabao tuliyokosa, kipa alivyotoka langoni bila sababu. Niliongea haraka, mikono inaonyesha. Alinisikiliza kidogo. Nilikuwa bado naeleza jinsi kona ilivyopigwa alipogeuka kumuuliza mteja aliyesimama nyuma yangu anataka ngapi.