Mama Alipoyageukia Malori

Mama yangu ni mfagiaji wa barabara Buguruni, upande ambao malori ya viazi na vitunguu hushusha mizigo. Wafagiaji wote hufagia wakiupa upepo mgongo, vumbi lisiwaingie machoni. Asubuhi upepo hutokea kulekule yanakotokea malori. Ndivyo alivyogongwa: ameinama na ufagio wake, lori la viazi likarudi nyuma kutafuta nafasi, dereva hakumwona. Nyonga ikavunjika.

Alipoanza kutembea bila magongo, msimamizi wake alimpa kazi ya kufagia ofisini. Akakataa. Mie nikaona ni ukaidi tu.

"Kule ndani mguu utapona," aliniambia akijifunga khanga, "ila hii hofu nitazikwa nayo. Nataka palepale."

Siku ya kwanza nilimsindikiza. Lori moja likaanza ule mlio wa kurudi nyuma, Mama akaacha kufagia. Akapanda ukingoni mwa barabara, akasimama. Nikajua tunarudi nyumbani. Kumbe alikuwa anausikiliza upepo. Akajifunga mtandio mpaka puani, akageuka, akaanza kufagia kinyumenyume, akichechemea, vumbi lote usoni, macho kwenye malori.

Mwenzake wa zamu akashindwa kuvumilia. "Shoga, unafagia au unacheza singeli?"

"Nacheza. Wewe endelea kuyapa malori mgongo, tuone nani atachoka mapema."

Yule mama akacheka. Baadaye nilimwona akigeuka naye, polepole, kama mtu asiyetaka kuonekana.

Kisha lori la vitunguu likaanza kurudi kuelekea kwetu. Mama hakukimbia. Aliinua ufagio juu kabisa. Utingo wake akaigonga bodi kwa kiganja, lori likasimama, dereva akachungulia.

"Shikamoo mama. Tupishe basi."

"Marahaba, mwanangu. Subiri nimalize hapa."

Hapo ndipo alipoangukia siku ile alipogongwa. Alipafagia taratibu, hata palipokwisha kuwa safi. Malori ya nyuma yakapiga honi. Dereva akamtazama mguu, akazima injini. Mama alipotosheka akapanda ukingoni, akampungia mkono apite.

Jioni nilimwosha macho yaliyoiva kwa vumbi. Akaniuliza kama nililiona lile lori lilivyosimama. Nikamwambia nililiona.

"Hebu nisimulie," akasema, na akafumba macho.