Kuvu za Mlimani kwenye Visahani vya Bondeni

Pale maabara walimwita Shangazi, hata Dokta, mkuu wa maabara, aliyemzidi umri. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kuosha majani: maji, spiriti, dawa ya madoa, spiriti tena. Kisha aliyatoboa vipande vidogo kama vifungo, akavilaza kwenye visahani vya kuoteshea kuvu. Kuvu iliyoota hapo haikutoka juu ya jani. Ilikuwa mpangaji wa ndani kabisa.

Mti ulikuwa wa aina moja, ila makazi mawili. Majani ya mlimani, kwenye baridi na mvua, yalitoa kuvu za kila rangi, utadhani nguo za familia kubwa zimeanikwa. Ya bondeni, kwenye jua kali, yalitoa kuvu nyeusi moja au mbili, basi.

Mwezi huu visahani vya bondeni vilichanua kama vya mlimani.

"Umechanganya bahasha za majani, Shangazi," Dokta alisema bila kuinua macho kutoka kwenye hadubini. Mkataba mpya wa Shangazi, maana wa zamani unakwisha Ijumaa, ulikuwa chini ya kiwiko cha Dokta, haujatiwa sahihi.

"Sijawahi kuchanganya hata chumvi na sukari, leo nichanganye mlima na bonde?"

Shangazi alikuwa na mtu wake wa kumshuku. Dereva, aliyeitwa Breki kwa kuwa mdomoni hakuwa nayo, ndiye mchuma majani. Safari ya mwezi huu alirudi mapema, viatu vinang'aa, na bondeni kuna vumbi la kuzika ng'ombe. Tena alimletea Shangazi ndizi. Breki, ambaye hata kikohozi chake hampi mtu!

Lakini ushahidi ulikuwa kwenye kidole gumba. Jani la bondeni ni gumu kama soli. Kila siku ya kulitoboa, kidole kilimuuma mpaka jioni. Safari hii hakikuuma.

Akatoa kwenye friji bahasha za majani yaliyobaki, akamwekea Dokta koleo la kutobolea. "Toboa mwenyewe."

Dokta akatoboa la mlimani: laini. La bondeni la mwezi huu: laini. La bondeni la safari iliyotangulia: akaguna, akabadili mkono.

"Mwite Breki."

Breki akaja na maelezo tayari. "Dokta, daraja la kwenda bondeni lilikatika..."

"Dada yangu alilipita siku hiyohiyo kwa basi," Shangazi alisema. "Au basi lilipaa?"

"Sasa Shangazi, si mti ni uleule? Jani ni jani! Nikajaza bahasha zote mlimani, nikapumzika."

Dokta akavua miwani. Shangazi akangoja kuombwa radhi.

"Siku ya kutoboa ulijua?"

"Nilihisi."

"Ukanyamaza wiki mbili."

"Ningesema nimeambiwa na kidole, ungenipeleka hospitali."

Dokta hakucheka. Akavuta mkataba, akafuta "mwaka mmoja", akaandika "miezi mitatu", ndipo akatia sahihi.

Shangazi akausoma mara mbili, neno kwa neno. "Naomba na nakala yangu," akasema. "Leo leo, kabla sijatoka humu."