Makaa Juu ya Mfuniko

Yuliana, ambaye shule nzima ilimwita Mama Ferdinand, alipikia kuni kwa miaka kumi na tisa katika shule moja ya bweni huko Mbagala. Mikono yake ilijaa makovu ya moto kuanzia vidoleni hadi viwikoni, wala hakuyaficha. Kwake yeye, mpishi asiye na kovu ni mwosha vyombo aliyepotea njia.

Jenipher hakuwa na kovu hata moja. Alikuja pale kuosha masufuria, na Mama Ferdinand ndiye aliyemfundisha kupika: maji kiasi gani, chumvi wakati gani, na hasa kupalia wali, yaani kuweka makaa ya moto juu ya mfuniko ili uive juu na chini. Mtoto wa watu akajua. Basi serikali ikatoa katazo: taasisi inayolisha watu zaidi ya mia moja isipikie kuni wala mkaa, kwani miti inakwisha na moshi unaharibu hewa. Shule ikaweka majiko ya gesi. Mkuu wa shule, Mwalimu Theonest, akaambiwa apeleke mpishi mmoja mafunzoni kwa wiki moja, akampeleka Jenipher. Alirudi na cheti na aproni nyeupe, akatangazwa mpishi mkuu.

Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Watoto wakaanza kumwita Mama Gesi. Mama Ferdinand aliona wivu, tena tusimtafutie neno la adabu. Aliionea wivu ile aproni, kile cheti kilichobandikwa ukutani, hata ule moto wa buluu uliowaka kwa kuzungusha kitasa tu. Faraja yake ilikuwa moja: kule mafunzoni Jenipher alifundishwa kupunguza moto, kwa hiyo wali wake haukuwa na ukoko. Zamani watoto walipanga foleni kuomba ukoko, naye ndiye aliyeugawa. Hata walimu walinyoosha sahani.

Siku afisa mazingira wa manispaa alipokuja kukagua jiko, zilipikwa sufuria nne za pilau, ya mwisho ikiwa ya Mama Ferdinand. Alitaka kitu kimoja tu: mgeni aonje, aulize nani kapika, na jina lake litajwe mbele ya Mwalimu Theonest. Akaenda kwa jirani muuza chipsi, akarudi na makaa kwenye karai lililofunikwa sinia, akapalia sufuria yake kama zamani. Alijua wageni wa shule hukaa ofisini, wakanywa soda, wakaletewa chakula hukohuko.

Huyu hakukaa. Sauti yake ilisikika tayari karibu na mlango wa jiko.

"Mama, makaa!" Jenipher alinong'ona. "Si tutafungiwa jiko leo?"

Mama Ferdinand aliganda. Jenipher akaunyanyua mfuniko kwa ncha ya aproni, akayamwaga makaa kwenye ndoo ya maji nje ya mlango wa nyuma. Kaa moja lilimwangukia mkononi. Hakupiga kelele.

Afisa, akiongozana na Mwalimu Theonest, aliingia, akanusa. "Mbona nasikia harufu ya mkaa?"

"Ni mie, mheshimiwa," Jenipher alidakia. "Nyumbani bado napikia mkaa, nguo zinanuka."

Afisa akacheka, akazunguka na kijiko chake, akaonja sufuria zote nne. Kwenye ya mwisho akarudia mara mbili.

"Hii kapika nani?"

"Mama Ferdinand," Jenipher alijibu. "Ndiye aliyenifundisha na mie."

Basi, jina likatajwa, na Mwalimu Theonest akalisikia. Lakini donge la Mama Ferdinand halikushuka. Afadhali binti angemchongea, angalau angepata sababu ya kumchukia.

Mgeni alipoondoka, Mwalimu Theonest aliuona mkono wa Jenipher umeota lengelenge. "Pole sana! Umeungua lini?" Matroni akaja mbio na dawa. Watoto wakajazana dirishani: "Pole, Mama Gesi! Pole!"

Mama Ferdinand alikuwa akikwangua ukoko wake. Akakata kipande kikubwa kuliko vyote, akampa Jenipher kwenye mkono ule mzima. Kisha akageukia ukuta, akaishusha mikono ya gauni lake mpaka viganjani. Miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumpa pole hata ya kovu moja.