Rimoti ya Kreni na Kofia ya Kaka

Karakana nzima ilimwita Kufuli, hata meneja, na jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazi yake ilikuwa kuzifunga kwa siri amri za kreni zinazopita hewani, ili rimoti ya jirani isije ikainua mzigo usio wake. Zamani chipu moja ilifunga siri, nyingine ikarekebisha tarakimu zilizoharibika njiani. Yeye aliziunganisha kazi hizo mbili kwenye chipu moja, kreni iitikie upesi, na kwa hilo alijivuna, tena si kidogo.

Asubuhi moja wageni walikuwa njiani kuja kuiona chipu hiyo ikifanya kazi. Kaka yake, mfunga mizigo, ndiye angesimama kwenye ndoano akiongoza bomba la chuma la tani mbili, naye Kufuli abonyeze kitufe cha kusimamisha. Alikwisha kukijaribu mara mia mbili bila kukosa. Ndipo wachomeleaji walipowasha mashine zao, cheche zikaruka, na Kufuli akashtuka. Kila alipopewa kreni ya kujaribia ilikuwa saa ya chakula, wachomeleaji wakiwa nje wanapiga soga. Chipu yake haikuwahi kukutana na vurugu ile ya umeme hewani.

"Meneja, naomba tujaribu kwanza na ndoano tupu."

"Saa hizi? Si ulisema kila kitu kiko tayari?"

"Nilisema. Nipe dakika tano tu."

Meneja alikunja uso. Kaka, ambaye hata msibani hakosi mzaha, alivua kofia yake ngumu akaiweka sakafuni, pale pale alipopaswa kusimama.

"Haya, mdogo wangu, huyo ndiye mimi. Usiniue."

Kufuli alibonyeza kushusha. Ndoano ikashuka. Akabonyeza kusimamisha, ikashuka. Akabonyeza tena mpaka kidole kikamuuma, nayo ikazidi kushuka kwa amri ya mwisho iliyoielewa, hadi kofia ikapasuka. Meneja alikimbilia swichi kuu akazima. Wageni walipofika waliombwa warudi siku nyingine.

Kosa alilijua kabla hajakaa chini. Kwa kukimbilia kasi, aliifanya chipu ya kreni ifungue siri kwanza, kisha irekebishe. Kumbe tarakimu moja ikichafuka, ukiufungua ujumbe hivyo hivyo uchafu unaenea kote, na hapo hakuna tena cha kurekebisha. Ilipasa kusafisha kwanza, ndipo kufungua. Haraka haraka haina baraka, na yake nusura imuue ndugu yake wa tumbo moja. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi mezani.

Kwa wiki tatu aliipanga chipu upya. Akaijaribu juu ya pipa tupu, wachomeleaji wote sita wakichoma, mpaka meneja akamsihi apumzike. Siku wageni waliporudi, kaka alisogea mahali pake akiwa na kofia mpya. Kufuli alimvua ile kofia, akaivaa, akamtia rimoti mkononi.

"Leo bonyeza wewe, kaka."

Akaenda kusimama yeye pale pa kaka, bomba likining'inia juu mbele yake. Cheche zilikuwa zikiruka pande zote. Bomba lilianza kushuka, likapita usawa wa macho yake, likapita mabega, naye akaogopa kuliko alivyotarajia. Likasimama kifuani pake, kimya.

Kaka alikuwa ameing'ang'ania rimoti kwa mikono miwili, jasho likimtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu Kufuli amjue, hakuwa na mzaha wa kusema.