Kichuguu Ndani ya Hekalu

Nilifika Durban nikiwa na miezi mitano barabarani, begi mgongoni, viatu vimeshika vumbi la nchi nne. Njia nzima nilikuwa natafuta majengo ya kale: magofu, makanisa ya wamisionari, kuta za mawe. Nilidhani kwenye mji wa bandari na makontena sitapata tena cha aina hiyo. Mwenyeji wangu ndiye aliyeniambia kuna mahekalu ya Wahindi, yaliyojengwa na watu walioletwa zamani kukata miwa, na kwamba moja liko Isipingo, karibu na saluni anakofanya kazi ya kusuka nywele.

Yeye ni Mkongo wa Uvira, dada mkubwa wa rafiki niliyesoma naye Morogoro. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akilipita hekalu hilo asubuhi na jioni bila kuingia. Nilipomwomba anipeleke alikubali, ila kwa sharti kwamba ataishia getini.

"Mimi niko mtu wa kanisa, dada," alisema. "Nitakuchungia begi."

Tulienda Jumanne, siku ambayo wateja wake ni wachache. Tulishuka kwenye teksi, tukavuka kwenye roboti, kama wanavyoziita huko taa za barabarani, tukapita nyumba zenye vibendera vyekundu na vya njano kwenye mianzi uani. Nilimwuliza ni vya nini. Hakujua. Alisema ukiuliza, watu watadhani unataka kuingia dini yao.

Getini alikuwepo mama mmoja mzee wa Kihindi, sari ameipandisha kidogo, anafagia majani. Alitusalimu kwa Kizulu, mwenyeji wangu akajibu kwa Kizulu, wakaongea kidogo. Mzee alitaka tuingie wote, viatu tuviache nje. Mwenyeji wangu alishukuru, akakaa kwenye ukuta mfupi na begi langu mapajani.

Ndani sakafu ilikuwa ya baridi na kulikuwa na harufu ya kafuri. Nguzo zilikuwa zimepakwa rangi mara nyingi mno hata kona zake zimekuwa za mviringo. Mahali ilipobanduka niliona bluu, chini yake kijani, chini yake waridi. Nilimwuliza mzee, kwa Kiingereza, hekalu lina umri gani. Akasema bibi yake aliletwa humu akiwa mchanga, na wakati huo lilikuwa la mbao na mabati.

Kisha akanionyesha chumba cha pembeni. Nilitegemea sanamu. Kulikuwa na kichuguu, kinanifika kiunoni, kimepakwa manjano na kuvikwa maua, na mbele yake bakuli la maziwa na mayai mawili.

Nilirudi getini haraka. "Dada, humu kuna kichuguu."

"Kichuguu ya nini?"

"Cha mchwa. Wamekivika maua."

Alinitazama kuona kama namtania. Halafu akanirudishia begi na kuvua kandambili.

Alisimama mbele ya kile kichuguu, akaanza kumwuliza mzee maswali, kwa Kizulu, moja baada ya jingine, akinitafsiria majibu. Je, walikileta? Hapana, kiliota chenyewe, wao wakajenga kukizunguka. Maziwa ni ya nani? Ya mama mungu, na ya nyoka kama yumo. Na mchwa hawajala paa? Mzee alicheka, akasema bado.

Naye mzee akataka kujua mbona Mkongo anauliza hivyo. Mwenyeji wangu akamweleza kwamba babu yake alikuwa na kichuguu nyuma ya nyumba, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukikalia. Kumbikumbi walipokaribia kutoka, babu alimwaga pombe kidogo pale, akasema maneno, ndipo watoto wakaweka mabeseni ya kuwakinga.

"Alikuwa anaomba ruhusa kwanza," aliniambia kwa Kiswahili.

"Kwa nani?"

"Sijui. Eish, sikumuulizaka."

Tukiwa kwenye teksi alimtumia mama yake ujumbe wa sauti Uvira, kuuliza kama kichuguu kingali pale. Jibu lilikuja jioni tukimenya vitunguu. Mama alisema mjomba alikichimba zamani sana akafyatulia matofali, na matofali iko mzuri, nyumba haijapata ufa hata mmoja. Mwenyeji wangu alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akafuta mikono na kutuma ujumbe mwingine, akiuliza ni maneno gani babu alikuwa akisema.

Alhamisi nilipanda basi la Johannesburg. Mama alikuwa bado hajajibu.